Pole ya Sista Nyamizi

Siku hizo manesi walikatazwa kuwapa wagonjwa pole. Kufariji ilikuwa kazi ya mashine, na nesi aliyeonyesha huruma alipelekwa kusikojulikana. Lakini Kalunde alipochomwa sindano ya mgongo, akalia mpaka sauti ikamkauka, Sista Nyamizi alimwinamia, akampuliza pale palipouma, akamnong'oneza, "Pole, mboni yangu."

Mama Kalunde aliona. Alitamani kumwangukia miguuni. Mlangoni, mashine ilipomuuliza kama nesi alizidisha lolote, alijibu, "Hata kidogo." Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Nyumbani, Kalunde alimdunga mwanasesere wake kijiti mgongoni, kisha akampuliza. "Pole, mboni yangu."

Taa ya kile kifaa cha ukutani, kinachosikiliza kila nyumba, ikawaka. "Maneno matamu hayo, Kalunde. Nani kakufundisha?"

"Mimi!" mama akadakia.

"Mama Kalunde," sauti ilisema kwa upole, "tangu mhamie humu hujawahi kuyatamka."

Kisha ikamuuliza mtoto tena. Na Kalunde, aliyefunzwa na mama huyohuyo kutosema uongo, akafungua kinywa.