Mwenzake wa Kitanda cha Saba

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu ya Devota Ndunguru: kitanda cha saba, mtoto njiti, gramu mia tisa na ishirini.

Wazazi wa kujitolea, waliokuja kukaa na akina mama wa watoto njiti, walipangwa na mtambo wa hospitali. Ulisoma damu ya mtoto, kisha ukamtafutia mama yake mzazi mwenzake ambaye mtoto wake alipita njia ileile ambayo huyu angepita, na tangu uanze ulikuwa haujakosea. Devota alishapangiwa familia nne. Hakuna hata moja iliyorudi nyumbani na mtoto.

Alimkuta Tulizo, mama wa kitanda cha saba, amemfunga mwanawe kifuani kwa kanga. Akailegeza kidogo, akamwonyesha namna ya kukiinua kidevu ili pumzi ipite.

“Jirani yangu pale kaletewa mama aliyekuja na mtoto wake,” Tulizo alisema. “Mtoto kazi yake kulilia chipsi, kachosha wodi nzima. Wako umemwacha wapi, dada?”

Wanaojitolea hawakuruhusiwa kudanganya. Devota aliendelea kuinyoosha kanga ambayo haikuwa na mkunjo.

“Aliishi siku kumi na tisa, mdogo wangu.”

Tulizo aliutazama utosi wa mtoto. Kisha akamwita muuguzi, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaomba abadilishiwe mtu.

Ombi lilikubaliwa saa nne kasoro dakika tano. Muuguzi akasoma jina jipya lililotolewa na mtambo: Osmunda Komba.

“Huyo unamjua?” Tulizo alimwuliza Devota.

Devota alimjua. Walikuwa wamezika watoto wao wiki ileile moja.