Kopo Lililonenepa

Jumamosi ya tatu ya Kwaresima, kopo la sukari lililofungiwa kabatini lilikuwa limeongezeka gramu mia moja na tisini.

Mama Maabara alipima tena. Aliufuta mzani kwa kitambaa, akaurudisha kwenye sifuri, akapima mara ya tatu. Kazini alishinda akipima damu za watu, na hesabu zake hazikuwa za kubahatisha. Kopo lilipaswa kuwa pungufu. Badala yake lilikuwa linanenepa.

Jumatano ya Majivu alisimama mbele ya jumuiya nzima akatangaza kwamba familia yake haitaonja sukari kwa siku arobaini. Kilo tatu zilizokuwa nyumbani zingepelekwa kituo cha kulea watoto siku ya Pasaka, na zingepimwa hadharani. "Haitapungua hata chembe," alisema, na mwenyekiti akapiga makofi. Tangu hapo heshima yake yote ilikuwa ndani ya lile kopo.

Ukutani jikoni alibandika karatasi ya mfungo wa kila mtu. Mumewe, fundi makufuli, aliacha ubishi. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, aliacha umbea. Binti yao wa miaka kumi na sita aliacha kucheka watu. Mama Maabara hakujiandikia kitu. Yeye alikuwa msimamizi.

Sukari ilikuwa mfungo wa wote, na ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni. Kila mchana alitoka kazini, akaja nyumbani wakati hakuna mtu, akalikagua kopo kwa dakika kumi, akarudi maabara na nguvu mpya.

"Mwizi yumo humu ndani," alitangaza jioni ile, mbele ya vikombe vinne vya chai isiyo na sukari. "Anaiba, dhamiri inamsuta, anarudisha kupita kiasi. Ndiyo maana inazidi."

Mumewe akafungua kinywa. Akaitazama karatasi ukutani. Akakifunga.

"Una la kusema, mume wangu?"

"Sina, mke wangu. Uko sahihi kabisa."

Katika miaka kumi na minane ya ndoa, hakuwahi kuisikia sentensi hiyo. Akamweka wa kwanza kwenye orodha ya watuhumiwa. Wa pili akawa binti, ambaye wakati huohuo alichomoka mbio kwenda uani, leso mdomoni, mabega yakimtikisika.

"Na wewe, Mama?" alimgeukia mama mkwe.

"Mimi?" Bibi alijishika kifua. "Mwanangu, Kwaresima hii imenifunga domo. Ningekuwa mtu wa kupasuka, ningeshapasuka. Mimi nakusifu tu. Wenzio wakifunga wanakonda, wewe unanawiri. Hiyo sketi si ulikuwa unaibana kwa pini?"

"Ni neema, Mama."

"Naiona. Mpaka kwenye zipu naiona."

Wiki ya tano ziada ilifika gramu mia tatu na arobaini. Mama Maabara aliagiza kufuli jipya. Mumewe akalifunga huku akipiga mluzi. Mama Maabara mwenyewe alibandika unywele kwenye ufa wa mlango wa kabati, kesho yake akaukuta palepale, umenyooka kuliko alivyouacha. Kopo likazidi kunenepa. Alianza kuwatazama watu wake wakitafuna mkate, akivizia chembe kwenye midomo yao.

Jumamosi Kuu, siku moja kabla ya kupima, aliaga kwamba anakwenda na kina mama wenzake kusugua mabenchi ya kanisa. Alifika njia panda, akasubiri kidogo, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma. Nyumba ilikuwa kimya. Alilikagua kopo kwanza, upesiupesi, akafunga kabati, kisha akajibanza nyuma ya pazia la stoo.

Hakukaa hata nusu dakika. Nyayo.

Waliingia wote watatu, wakinyata kama watu wanaopita kwenye sakafu iliyopigwa deki. Fundi makufuli alichutama, akatoa ufunguo ndani ya soksi, akafungua kabati bila hata mlio. Mama Maabara alihesabu vichwa. Wote watatu! Akashika ncha ya pazia, tayari kulivuta.

Binti akatoa pakiti ya sukari chini ya sweta.

Bibi alichungulia ndani ya kopo. "Leo kala vingapi?"

"Vinne, Bibi. Mashimo ya kijiko haya hapa." Machozi yalimtoka binti kwa kujizuia asicheke.

"Asubuhi yote hii? Na benchi la Bwana anakwenda kulisugua! Haya, jaza."

"Bibi, nimeshatia vijiko sita."

"Jaza nikwambie! Kesho kopo linapimwa mbele ya watu. Mkwe wangu haaibiki mimi nikiwa hai."

"Baba, si tungemwambia tu kwamba tunajua?"

"Nimwambie, akatae, na mimi nibishe?" alinong'ona fundi makufuli, akigeuza ufunguo. "Imebaki siku moja. Usiniharibie mfungo."

Nyuma ya pazia, Mama Maabara alitaka sana kusema neno. Ilimbidi kwanza ameze.