Sema Lolote kwa Lugha Yako

Évariste alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, akitafuta waya wa kuchomoa, mke wake alipomfumania.

"Papa Joël, unatafuta nini kule?"

"Vumbi," akasema. "Kuna vumbi mingi huku."

Tangu lini fundi cherehani huyu akajali vumbi? Denise alimvuta, akamketisha katikati ya sofa, mahali pa heshima. Jumapili hiyo nyumba yao ya Troyeville ilijaa Wakongo wenzao waliotoka kanisani moja kwa moja, kuja kumwona mumewe ndani ya filamu.

Filamu yenyewe ilitokana na riwaya kuukuu ya Kiingereza, ya manowari za matanga, Waingereza na Wafaransa wakitwangana enzi za Napoleoni. Sehemu yake moja ilipigwa hapa hapa Johannesburg, mji usio na bahari, ndani ya bohari ambamo mafundi walijenga tumbo la meli kwa mbao. Nahodha wa Kiingereza ameteka meli ya watumwa, anashuka chini na taa, anamulika nyuso za mateka. Évariste na rafiki yake Pacifique, mlinzi wa usiku, waliajiriwa kuwa nyuso.

Waliingizwa mmoja mmoja. "Sema lolote kwa lugha yako," msaidizi wa mwongozaji alimwambia Évariste. "Lia kama mtu anayeungama. Hapa hakuna atakayeelewa."

Évariste akaungama kweli. Nani alimwambia kwamba filamu za wazungu hazifiki Troyeville?

Alichoungama ni hiki. Aprili ya 2015, wageni walipokuwa wakisakwa mitaani, Pacifique aligonga geti la kibanda chake cha ushonaji, akimwita yaya, kama watu wa Kivu wamwitavyo kaka mkubwa. "Yaya, fungua! Ni mimi!" Évariste alikuwamo ndani. Mtaa mzima ulikuwa kimya, ilisikika sauti hiyo moja tu. Alilala chini ya meza ya kukatia vitambaa, ameuma kipande cha kitambaa, na hakufungua. Baada ya muda akasikia kipigo. Kesho yake alimwambia majeruhi kwamba saa ile yeye alikuwa Braamfontein, amempelekea mteja suti.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ya Évariste ilikuwa imefika mwaka wa tatu. Pacifique alitoka hospitali anachechemea, na mpaka leo anachechemea. Hakuwahi kuuliza swali hata moja. Badala yake alizidisha wema. Mtoto wake wa mwisho alimpa jina la Évariste, na kila Jumapili alikuja na mkate mkononi. Kila mkate ulimwongezea Évariste aibu, hata akawa hawezi kumtazama rafiki yake machoni. Na sasa aibu hiyo ingetangazwa kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watu wa kanisani, Pacifique akisikia.

Maana Pacifique naye alikuwepo. Alisimama karibu na mlango, amekataa kiti.

"Ikala basi, Papa Pacifique, mguu itauma," Denise alimsihi.

"Nimezoea, mama." Kisha akamgeukia Évariste. "Yaya, si tutoke kidogo? Filamu yenyewe ni mizinga tu, itatuumiza kichwa."

"Twende," Évariste akasema, tayari amenyanyuka.

Denise akamrudisha chini kwa mkono mmoja. "Nimekaanga mandazi tangu alfajiri, mutoke muende wapi?"

Filamu ikaanza. Wakongo waliwashangilia Wafaransa, kisa lugha. Salum, jirani yao wa kutoka Tanga, aliwashangilia Waingereza kwa uchokozi tu. "Shemeji zenu hao wanazama!" alipiga kelele, na watu wakacheka hadi mandazi yakawapalia. Évariste hakucheka. Alikuwa akiomba umeme ukatike, kama unavyokatwa kwa zamu siku ambazo mtu ana nguo za kumaliza. Siku hiyo ulikaa imara.

Ikafika. Taa ya nahodha ikashuka ngazi, ikapita kwenye mbao zinazochuruzika maji, kisha uso wa Évariste ukajaa kioo kizima. Vigelegele vikapigwa. Mwenyewe alifumba macho akangoja.

Ikalia fidla. Waliotia muziki hawakuliacha hata neno lake moja, midomo tu ndiyo ilikuwa ikicheza. Denise akalalamika kwamba wamemnyima mumewe sauti. Évariste alifumbua macho, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaona haya hata kwa shukrani hiyo. Akajiapiza kwamba atamwambia Pacifique mwenyewe, uso kwa uso, wiki hii hii. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu aligeuka kumtazama vizuri.

Pacifique hakuwa akitazama filamu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono umeshika kitasa.

Muziki ukakatika. Taa ya nahodha ikahamia kwenye uso wa pili, na sauti ya Pacifique ikasikika sebuleni, neno kwa neno. Chini ya kioo, maandishi ya Kiingereza yalieleza kwamba mateka anaomba maji.

"Évariste, yaya, unisamehe. Siku ile nilipogonga mulango yako, bale benye kutusaka balikuwa nyuma yangu, bamenyamaza. Balisema nikikutoa, bataniacha."