Swila Aliyepaliwa na Ukungu

Alikuwapo, na huenda bado yupo, Swila mlafi katikati ya galaksi, mweusi kama giza, asiyeonekana ila kwa mwanga wa Vimulimuli. Chakula chake kilikuwa ukungu baridi, ule ule ambamo Vimulimuli walitaga mayai ya nyota.

"Meza taratibu, Bwana," Kimulimuli mmoja, bibi kizee, akamsihi. "Ukipaliwa unatema moto, na kwenye ukungu wa moto mayai yetu hufa."

"Tumbo ni langu," Swila akajibu, akafakamia mpaka akapaliwa. Akatema michirizi miwili, mmoja juu na mwingine chini. Ukungu wote ukachemka, ukatokomea mbali.

Mayai yakafa. Vimulimuli wakazeeka bila watoto, wakageuka wekundu, wakazimika mmoja mmoja.

"Mbona sioni chakula?" Swila akalia kwa njaa.

"Umekitema," akajibu yule bibi, aliyebaki peke yake. "Na mimi nikizimika, nani atajua kama upo?"

Akazimika.