Jirani Asiyekimbia

Jumanne saa mbili asubuhi, Kuku alimfukuza Ukukwi, nyoka mwembamba wa kijani, kutoka kwenye bustani ya mchicha.

"Mama, mimi nakula vyura tu," Ukukwi alisema akiwa juu ya ua wa michongoma.

"Basi mbona unakimbia? Asiye na kosa hakimbii."

"Nakimbia kwa sababu unadonoa. Lakini mtazame yule aliyelala kwenye majani makavu. Yule ni Kifutu, nyoka wa sumu."

Kuku alitazama. Kifutu alikuwa mnene, amejikunja, hatikisiki.

"Huyo ndiye jirani," Kuku alisema. "Tangu juzi napita hapo, hajaniinulia hata kichwa. Wanangu, njooni mchakure huku kwenye utulivu."

"Warudishe, mama! Hakimbii kwa sababu hana wa kumkimbia."

"Wivu huo."

Kifaranga mdogo alikuwa akifuata mchwa. Alidonoa mmoja, akasogea, akadonoa mwingine kwenye ukingo wa majani. Kifutu alivuta pumzi, mwili ukavimba, akatoa mlio mzito wa kufoka. Kuku alisikia, akaanza kuita. Kabla hajamaliza, Kifutu alimgonga kifaranga. Kifaranga alianguka hapohapo.

Kuku alikimbia, na vifaranga waliobaki wakamfuata. Walisimama chini ya michongoma, wakihema.

"Umekimbia, mama," Ukukwi alisema.

Kuku aliwakusanya vifaranga chini ya mbawa zake. Jua lilipozama, yeye na wanawe walikuwa bado palepale, chini ya tawi la Ukukwi.