Ua Jeupe la Mbega

Alikuwako Mbega mmoja aliyejipenda mpaka anachosha. Nyumbani kwake alikuwa na ua la kopo, majani yake mengine ya kijani, mengine meupe. Mbega alitaka weupe tu. Kila jani la kijani lilipochomoza, alilikata.

Jirani yake Fuko akatoa kichwa sakafuni. "Shoga, hayo ya kijani ndiyo yanayopika. Meupe kazi yao kula. Ukiyamaliza ya kijani, ua litakula nini?"

"Lo! Kipofu ananifundisha rangi!" Mbega akacheka. "Rudi shimoni kwako, mama." Akakata la mwisho.

Ua halikufa. Lilistawi, jeupe pe, likapanda ukutani. Mbega ndiye aliyeanza kukonda, na manyoya yake meusi yakapauka.

Fuko akarudi. "Mizizi imetoboa kopo, shoga. Nimeifuata kwa kupapasa mpaka chini ya mkeka wako. Ina joto kama mtu. Hama leo."

"Nihame, nikuachie wewe ua langu? Wivu huo."

Akalala palepale. Asubuhi majirani walimkuta mweupe kichwa hadi mkia, mwepesi kama ganda la karanga. Ua lilikuwa limechipua jani jipya, jeusi, lina manyoya laini.

Fuko akawasihi walichome moto. Wakamzomea. Waliokuja kuzika waliondoka kila mmoja na kitawi chake, wamekifunga kwa kitambaa kilicholowa, wanaulizana njiani kama kinapenda jua au kivuli.