Sabufa Isiyo na Sanduku

"Shika hapo, shemeji, usiuachie," Ondiek alimwambia Whitney. "Ubao ukipinda kidogo tu, kazi yote imeharibika."

Whitney aliushika kwa mikono miwili, ubavu wa ubao ukielekea ukutani. Ukuta wenyewe ulitenganisha nyumba mbili zilizopakana katika ghorofa moja kule Tassia. Upande huu aliishi Whitney na mumewe, Phares. Upande wa pili aliishi Ondiek, seremala mwenye karakana Kariobangi, pamoja na mamake, Norah, ambaye kitanda chake kiliegemea ukuta huohuo.

Sasa huyo Phares, jamani, alikuwa na sabufa ya sanduku kubwa kama friji. Kila jioni, akishaingia na kufunga mlango, besi inaanza. Vikombe vya Norah vinatetemeka kabatini, presha inapanda. Daktari alikuwa amesema bila kuficha: mama huyu asipopata usingizi, moyo wake hautahimili. Ondiek alienda kubembeleza, akajibiwa, "Buda, kwani mtu hawezi kusikiza ngoma kwa nyumba yake?" Hasira zilimkaba. Lakini hakuwa mtu wa ngumi, alikuwa mtu wa misumari.

Basi akajenga sabufa nyingine. Plaiwudi nzito, matundu mawili, spika mbili kubwa za mtumba, na mgongo wazi kabisa. Akampa Phares kama zawadi, akamwambia tu kwamba inapiga kuliko ya sanduku. Phares alipenda sifa. Aliliuza sanduku lake wikendi hiyohiyo, na leo alikuwa ameteremka dukani kununua waya wa kufungia hiyo mpya.

"Na huku nyuma mbona umeacha wazi?" Whitney aliuliza.

Ondiek alichungulia mlangoni kwanza. "Hiyo ndiyo siri, usimwambie mzee wako. Mbele spika inasukuma hewa, nyuma inaivuta. Sauti hizo mbili zikikutana hapa kando, zinauana. Nyinyi humu ndani itawapiga kifuani. Sisi huko kando, hakuna kitu."

"Hamtasikia besi?"

"Hata kidogo."

Whitney akauliza kama kitanda cha mama bado kiko karibu na ukuta, na kama Ondiek mwenyewe huwa amefika nyumbani jioni. Ondiek aliguswa moyo. Alijiuliza mwanamke mstaarabu namna hii aliolewaje na kichwa ngumu kama yule.

"Basi uweke sawasawa," Whitney alisema. Aliukaza kwa bega pia. Ubao ulikuwa mzito.

Phares alirudi na waya, wakafunga, wakajaribu. Besi ilimpiga kifuani akacheka peke yake. "Fundi, wewe ni noma," alisema, akampigapiga Ondiek begani, akamsindikiza hadi nje.

Kisha mlango ukafungwa, na komeo likasukumwa.

Ondiek aliketi kando ya kitanda cha mamake akangoja. Vikombe vilitulia kabatini. Aliweka kiganja ukutani, akahisi mtetemo hafifu tu, wa kuonyesha kwamba kule ndani ngoma imewaka. Machozi yalimlengalenga kwa furaha. Miezi yote ile ya mama kugeukageuka kitandani ilikuwa imekwisha, na kwa mbao tu.

"Lala sasa, Mama," alisema. "Nimekumalizia ile shida."

Norah alifumba macho, akavuta pumzi ndefu. Kisha akayafumbua, akageuzia sikio ukutani.

"Mwanangu," alisema polepole, "ni nani huyo analia?"

Ondiek aliinamia ukuta. Katika ule utulivu alioutengeneza kwa mikono yake, sauti ya Whitney ilipenya wazi, imekauka kama ya mtu aliyezoea kuita: "Ondiek, leo unanisikia? Njoo, ataniua."